Tupeane uzoefu: picha ya Jehanamu iliyowahi kukunyima usingizi

Mjukuu wa Machame (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Krismasi nilipanda nyumbani kwa bibi, nikaikuta ile picha ya njia mbili bado inaning'inia sebuleni, kioo kimepasuka kona moja na moshi umeifanya ya kahawia. Walutheri wenzangu mtakuwa mnaijua. Njia pana ina ukumbi wa michezo, nyumba ya kamari na watu waliovaa wakapendeza. Njia nyembamba ina kanisa na mlima mrefu. Juu kabisa, jicho moja ndani ya pembetatu linawatazama wote.

Nikiwa mdogo sikuogopa moto. Niliogopa treni. Juu kule, karibu na mji unaoungua, kuna kitreni kidogo kinakwenda zake, na sikuelewa treni imekosa nini. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba aliyeibuni picha ni mama mmoja wa Stuttgart, Charlotte Reihlen, mwaka 1866, na ile ni treni ya Jumapili. Kwa wacha Mungu wa kule, kusafiri kwa treni siku ya Bwana ilikuwa ni kuivunja Sabato.

Nyie mliogopeshwa na nini?

Mtoto wa Mkunazini

Assalaam aleykum. Sie chuoni Unguja, chuo cha Kurani, hatukuwa na picha hata moja, wala hatukuzihitaji. Maalim akisoma sura ya Saffaat, akifika kwenye mti wa Zaqqum unaoota chini kabisa ya Jahanamu, mazao yake kama vichwa vya mashetani, hapo husita. Anatutazama mmoja mmoja. Halafu ndiyo anaendelea.

Sasa nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mfenesi. Mnajua fenesi linavyoshikana na shina, kubwa, lina vipelepele. Choo kilikuwa uani. Usiku wa mbalamwezi nilikuwa radhi nijibane mpaka alfajiri.

Nikakua nikijua Waislamu hatukuchora Jahanamu. Juzi mwanangu kanionyesha kwenye kompyuta kitabu cha Miraji, ile safari ya Mtume mbinguni, kilichotengenezwa Herat, Afghanistan ya leo, karibu mwaka 1436, sasa kimo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris. Zaqqum umo, una miba, na vichwa vinachomoza matawini. Mtume (SAW) naye kachorwa humo uso wazi, na kwa hilo niseme kweli sikupendezwa, nikamwambia afunge. Lakini ule mti niliutaka niuone tena. Mfenesi wangu ulikuwa unatisha zaidi.

Baharia Mstaafu

Hahaha, fenesi! Mimi nilishaingia motoni na kutoka, na viatu vyangu miguuni.

Singapore kuna bustani inaitwa Haw Par Villa, ya mwaka 1937. Aliyeijenga ni Aw Boon Haw, tajiri wa Tiger Balm, ile dawa ya kuchua ya kikopo chenye chui milia ambayo kila baharia anayo mfukoni. Ndani kuna mahakama kumi za kuzimu za Kichina, zote za sanamu zilizopakwa rangi kali. Mlangoni wamesimama walinzi wawili, mmoja kichwa cha ng'ombe, mwingine cha farasi.

Wachina wameorodhesha makosa kama karani wa mahakama. Mkwepa kodi anapondwa kwa nyundo ya jiwe. Anayepoteza chakula anakatwa msumeno vipande viwili. Nikaenda hivyo nacheka cheka, mpaka nilipofika mahakama ya nane: waliowasumbua wazazi na walioibia kwenye mtihani, wanatolewa utumbo. Nikanyamaza. Darasa la saba nilipita kwa shingo ya jirani yangu wa dawati, na yule fundi wa sanamu alikuwa ameupaka utumbo rangi ya waridi kabisa, kama wa buchani asubuhi.

Ila wenzetu wana nafuu moja: adhabu ina mwisho. Mwishoni unapewa kinywaji cha kusahau yote, unazaliwa upya.

Mlezi wa Wazee, Padova

Mimi nalea bibi mmoja huku Italia. Siku ya mapumziko nilikata tiketi ya kikanisa cha Scrovegni. Kwanza mnakalishwa kwenye chumba cha vioo mpaka hewa itulie, ndipo mnaruhusiwa robo saa tu. Giotto alimaliza kuchora humo karibu mwaka 1305. Ukigeuka kutazama mlango uliopo nyuma yako, ukuta mzima ni siku ya hukumu, na chini kulia kuna Shetani wa bluu, mnene, anatafuna watu.

Kilichonishika ni wale walionyongwa kwa kamba za mikoba yao ya pesa. Ni wala riba. Wenye kudaiwa mikopo ya kausha damu mtanielewa kwa nini nilisimama pale, nilishawahi kubebewa friji nikiwa Mbagala.

Na utamu uko hapa: aliyemlipa Giotto, Enrico Scrovegni, baba yake alikuwa mla riba maarufu, mpaka mshairi Dante alimtia motoni kwenye shairi lake. Enrico mwenyewe mtamkuta ukutani, upande wa waliookoka, amepiga magoti anakabidhi kikanisa chake. Mwenye kulipa fundi huchagua pa kukaa.

Mzee wa Nukta

Na asiyelipa akamsema fundi vibaya? Biagio da Cesena, mkuu wa itifaki wa Papa, alilalamika kwamba mchoraji Michelangelo anajaza picha za watu uchi kwenye kikanisa cha Sistine, Vatikani. Akajikuta kachorwa motoni, masikio ya punda, nyoka kamzunguka anamng'ata pabaya. Inasimuliwa alipomlilia Papa Paulo III, aliambiwa mamlaka ya Papa hayafiki kuzimu.

Dada wa Kwaya

Hakuna aliyekutana na kijitabu cha picha za moyo? Moyo una tausi, beberu, nguruwe, kobe, chui, nyoka na chura, kila mnyama dhambi yake. Mwalimu wetu wa Sunday school alitwambia wanatembea kweli, ukiweka mkono kifuani utawasikia. Nikaweka. Nikawasikia! Nililowesha godoro wiki nzima, na aliyechapwa ni mimi.

@Mjukuu, hukumuuliza bibi habari za hiyo treni?

Mjukuu wa Machame

Nilimuuliza Krismasi hii. Akavua miwani, akaisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mimi treni nimepanda mara moja tu, kwenda Tanga kwa babu yako. Na ilikuwa Jumapili."

Akarudi kuchagua maharage yake.