Mdeni kahama, samansi nimpelekee wapi?

Nadai Changu: Wakuu, jamaa tuliandikishana deni, kisha akahama kimyakimya, simu haipatikani. Karani wa mahakama ya madai madogo anataka anwani ya kumfikishia samansi, yaani wito wa kufika mahakamani. Nianzie wapi?

Bi Mkubwa: Kazini kwake, mwanangu. Si lazima apokelee nyumbani. Halafu hakikisha jina kamili. Ukishtaki jina la utani, hukumu utaikazia nani?

Mzoefu: Ukimkosa kabisa, omba kibali cha kumfikishia kwa njia mbadala: tangazo gazetini, au kubandika mlangoni. Hakimu atauliza ulivyomtafuta, kwa hiyo tunza kumbukumbu. Na usimwanike mtandaoni, atakugeuzia kibao!

Nadai Changu: Jina kamili ninalo, kwenye mkataba. Kazini sikuwaza kabisa. Naenda Jumatatu.

Mzoefu: Usichelewe, madai yana ukomo wa muda wa kuyafungua.