Mjadala: Je, Terrelle Pryor anastahili kulipwa kwa miaka aliyoichezea Ohio State?

Mtoa mada:

Ndugu zangu, tangu Juni 2025, mahakama ya Marekani ilipoidhinisha maridhiano ya kuwalipa wanamichezo wa vyuo fidia ya takriban dola bilioni 2.8, nimekuwa nikisoma kwamba dhuluma ya zamani, ya kucheza bila malipo, imekwisha. Mimi naona haijaisha, kwa kuwa fidia hiyo inawahusu waliocheza kuanzia 2016, na aliyeondoka chuoni kabla ya hapo hana chake.

Terrelle Pryor alikuwa kotabeki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Ohio State kuanzia 2008 hadi 2010. Kotabeki ndiye anayeupokea mpira shambulizi linapoanza, kisha akaamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe, na timu nzima husimama au kuanguka kwa uamuzi wake. Desemba 2010, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilimfungia yeye na wenzake wanne michezo mitano ya msimu uliofuata. Pryor alikuwa ameuza pete yake ya ubingwa wa 2008, tuzo ya uungwana ya Fiesta Bowl (mchezo maalumu wa kufunga msimu), na kidani cha dhahabu chenye umbo la suruali, ambacho wachezaji wa Ohio State hupewa wanapowafunga mahasimu wao wa Michigan. Aliamriwa atoe dola 2,500 kwa hisani.

Vitu hivyo vilikuwa mali yake, na alivipata kwa jasho lake. Kanuni za ridhaa zilimkataza kuviuza, ilhali mapato ya viingilio, televisheni na jezi yaliendelea kuingia kwa wengine. Tena adhabu yenyewe ilisubiri: Januari 4, 2011, aliruhusiwa kucheza Sugar Bowl, mchezo mwingine wa aina hiyo, akaiongoza timu yake kuifunga Arkansas 31 kwa 26. Kama kosa lake lilikuwa zito kiasi kile, sielewi kwa nini mchezo mkubwa kuliko yote ya timu yake msimu ule uliachwa upite kwanza.

Alihama chuo Juni 2011, akasajiliwa na timu ya kulipwa ya Oakland Raiders. Mwaka 2013 alikimbia na mpira yadi 93 dhidi ya Pittsburgh Steelers, umbali ambao hakuna kotabeki wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, aliyekuwa ameufikia kabla yake. Nafasi hiyo ilipomponyoka, hakukata tamaa. Alijifunza upya kazi ya kudaka mipira, na mwaka 2016 akiwa Cleveland Browns alikusanya yadi 1,007. Oktoba 2024 alikishtaki chuo chake cha zamani, NCAA na Big Ten (ligi ya vyuo ambayo Ohio State imo), akidai thamani ya jina na sura yake. Namuunga mkono kwa moyo wote. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji:

Nakuheshimu mtoa mada, ila umeruka jambo zito. Pryor aliijua kanuni na aliivunja kwa hiari yake, huku akisomeshwa bure. Gharama hawakuilipa wale watano peke yao. Kocha Jim Tressel, aliyezijua habari hizo akazificha, alilazimika kujiuzulu Mei 2011. Ushindi wa msimu wa 2010 ukafutwa. Na kikosi cha 2012, kilichoshinda michezo yote 12, kikazuiwa kucheza fainali yoyote kwa kosa ambalo wengi wao hawakulitenda. Hao nao walipwe na nani? Tukianza kurudi nyuma miaka 15, hatutajua mahali pa kusimama.

Mtoa mada:

Hoja yako juu ya kikosi cha 2012 naikubali bila kusita, na inanihuzunisha. Lakini waliochagua kuwaadhibu vijana wale si Pryor. Adhabu yake aliitumikia pia: hata NFL ilimzuia michezo mitano ya kwanza, ingawa hakuwa amekosa lolote katika ligi hiyo. Kuhusu mahali pa kusimama, tuanze na lisilogharimu hata senti. Reggie Bush wa chuo cha USC alirudishiwa tuzo yake ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, Aprili 2024, miaka 14 baada ya kuipoteza kwa kuvunja kanuni za ridhaa. Ohio State nao warudishiwe ushindi wao wa 2010, na jina la Pryor lirejee kwenye kumbukumbu za Sugar Bowl ile, wakati suala la fedha likiachiwa mahakama.