Naomba ushauri: jeni ya Cyp11b1 haisomeki vizuri kwenye epithelia (seli za utando) za thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani

Wakuu, salamu kutoka Tabora. Tunapima jeni za vimeng'enya vya kotikosteroni (homoni ya msongo) kwenye thaimasi ya panya. Cyp11a1 na Hsd11b1 zinasoma Ct (mzunguko wa PCR ambapo jeni inaanza kuonekana; namba kubwa ni RNA kidogo) 29 hadi 31, ila Cyp11b1 inagota 36, na sampuli isiyotiwa rivasi transkriptezi (kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA) inasoma 37. Hiyo 36 siiamini hata kidogo, inanuka DNA iliyobaki kwenye sampuli, si RNA. Adrenali (tezi ya juu ya figo) ya panya yuleyule inasoma safi, kwa hiyo praima ni nzima.

Epithelia hazifiki asilimia 1 ya seli zote, thaimosaiti (seli changa za kinga) zinazifunika kwa wingi. Tunayeyusha tishu kwa kolajenezi (kimeng'enya kinachokata kolajeni) kwenye nyuzijoto 37; DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) ikipungua, mchanganyiko unavutika kama mlenda.

Mashine ya kutenganisha seli hatuna. Nitoe kwanza seli zenye CD45 (alama ya seli nyeupe za damu) kwa shanga za sumaku, au nikamate zenye EpCAM (alama ya epithelia) moja kwa moja?