Mpasha chai kwa kiganja: shujaa huyo au tunadanganyana?

Mtoa mada
Wakuu, nimemaliza riwaya moja ya Kiingereza niliyoipata kwa buku tatu kwenye vitabu vya mtumba pale Makoroboi, Mwanza. Mashujaa wake hawapai wala hawanyanyui magari. Mmoja anapasha chai kwa kiganja. Mwingine anajua mvua itanyesha robo saa kabla. Wa tatu, ndiye aliyenimaliza, akigusa kitasa anajua nani alikishika kabla yake. Basi. Nimeisomea kwenye kivuko cha Kamanga hadi nikasahau kushuka. Jamaa yangu anasema hao si mashujaa, ni watu wenye vipaji vya ovyo. Mnasemaje?

Nyanda wa Magu
Shujaa ni Ng'wanamalundi, yule mtu wa maajabu wa Usukuma wa zamani, bwana. Wazee wanasimulia alinyooshea mti kidole ukakauka, hadi Mjerumani akamfunga. Wewe unatuletea mpasha chai? Nyumbani nina jiko la gesi.

Mama Igombe
Kaka Nyanda, mti ukikauka tunapata nini zaidi ya kuni? Huyo wa mvua mimi ningemlipa mshahara. Sisi wa dagaa, mbalamwezi ikitoka hatuvui, kwa hiyo hela yetu ni ya giza tu. Sasa dagaa umewatandaza, wameanza kung'aa, wingu linashuka ghafla ziwani. Wakilowa wanabadilika rangi, wananuka, mnunuzi anakwambia hawa ni wa chakula cha kuku. Robo saa inanitosha kabisa, hata turubai nafunika.

Mwalimu mstaafu
Mnacheka, lakini kitabu hicho kabatini kwa wanafunzi mimi nisingekiweka. Kanda yetu hii ya Ziwa bibi zetu wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi wa jikoni wa miaka na miaka. Leo mtoto asome kwamba jirani kweli ana nguvu za siri? Mkitaka watu wa kawaida, someni Kitereza wa Ukerewe. Aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, Kiswahili chake kikatoka 1980. Mume na mke wanahangaika kupata mtoto, na kurasa hazikuchoshi.

Mtoa mada
Shikamoo Mwalimu. Kitereza nakubali, japo nilimsoma kwa kulazimishwa. Ila yule wa kitasa anashinda amevaa glavu hata kwenye joto, maana anajua siku majirani wakigundua, nyumba yake itachomwa. Unakaa naye ndani, unasikia hatua za watu nje. Hadithi zetu za wachawi nilizokulia nazo zilinisimamisha nje, na wenye mienge. Huko ndani sikuwahi kuingizwa.

Mwalimu mstaafu
Marahaba. Hilo la glavu ungelianza nalo. Bado namtaka mwalimu akae nao wakisoma, wasiachiwe peke yao.

Nyanda wa Magu
Mimi bado niko na Ng'wanamalundi.

Mama Igombe
Mtoa mada, Kiingereza sikijui. Giza likiisha njoo mwaloni utusimulie, ila uanze na huyo wa mvua.