Kuchimba chini ya jengo la mtambo wa nyuklia: tupime nini, na kazi isimame lini?

MsingiImara

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa kutegemeza misingi, yaani kuchimba chini ya jengo lililokwisha simama na kulipa miguu mipya.

Ninachambua suala la mtambo wa nyuklia wa Midland, Michigan, Marekani. Mwenye mtambo alikuwa Consumers Power, mjenzi Bechtel, vinu viwili. Baadhi ya majengo yalikaa juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa ipasavyo. Mwaka 1977 jengo la utawala lilianza kutitia, ikadhaniwa ni tatizo la pale tu. Mwaka 1978 likafuata jengo la jenereta za dizeli za dharura, likatitia kupita makadirio. Hilo la dizeli lilirundikiwa mchanga wa kama futi 20 ili kifusi kibanane kabla ya wakati wake. Lakini sehemu za jengo saidizi na jengo la pampu za maji zilihitaji msingi mpya, ushuke hadi udongo wa asili.

Mpango wa kuchimba nauelewa. Vipimo ndivyo vinanipiga chenga. Kama eneo zima liko juu ya kifusi kinachotitia, unapima kutokea wapi? Utajuaje kuwa nguzo mpya imebeba mzigo kweli, si kwamba imegusa tu? Na ni namba gani inayosimamisha kazi?

PimaMaji_Mbeya

Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Kwenye eneo la kifusi, alama ya rejea iliyopigwa kwenye ukuta wa jirani haina thamani. Jirani naye anashuka, kwa hiyo tofauti kati yenu inaonekana ndogo na kila mtu analala usingizi.

Chimba alama za kina. Toboa hadi mwamba au udongo mgumu ulio chini ya eneo litakaloathiriwa na uchimbaji, shusha fimbo ya chuma, fungia ncha yake huko chini kwa saruji, kisha izungushie bomba lisiloigusa ili kifusi kinaposhuka kishuke na bomba peke yake. Usipofanya hivyo, kifusi kitaivuta fimbo kwa msuguano na alama yako itashuka kimyakimya. Weka alama tatu kwa uchache. Mbili zikitofautiana hujui ni ipi iliyosogea, zikiwa tatu unajua.

Pili, anza kusoma mapema. Wengi hufunga vifaa wiki moja kabla ya jembe la kwanza, halafu hawawezi kutenganisha uchimbaji na hali ya hewa. Zege hutanuka kama sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukuta wa mita 30 ukipata joto la nyuzi 10 unarefuka milimita 3. Kwenye kazi ambayo mipaka yake ni milimita chache, hizo 3 zinaweza kukupigia kengele ya uongo, au kuficha ya kweli, na hiyo ya pili ndiyo mbaya. Kwa hiyo kila kipima ufa na kila kipima mwinamo kiwe na kipimajoto chake, na upate miezi ya masomo kabla ya kugusa udongo, ukichukua mengine alfajiri na mengine mchana ili uione mizunguko ya joto.

Kwa mwinuko tumia leveli ya kidijitali na fimbo za invari (chuma kisichotanuka sana kwa joto) kama rejea kuu, kisha seli za maji, yaani vyombo vidogo vya maji vilivyounganishwa kwa mpira wa maji, kwa usomaji wa kila dakika chache. Seli hizi zinaonyesha hata sehemu ndogo ya milimita, lakini zina maradhi mawili. Povu moja la hewa ndani ya mpira linaharibu mstari mzima. Na mpira ukipanda na kushuka, joto linakudanganya: maji yakitoka nyuzi 20 hadi 30, safu ya mita moja inabadilika karibu milimita 2.5. Laza mpira katika kimo kimoja, uufunike, na uhakiki kwa leveli ya kawaida kila wiki.

JekiTani100

Nimjibu la pili, maana hapo ndipo kazi hizi huharibikia.

Nguzo ikimwagwa zege, juu yake inabaki nafasi ya kuingiza jeki na sahani za chuma chini ya msingi wa zamani. Unapandisha mzigo kwa hatua, tuseme robo, nusu, robo tatu, mzigo kamili, na pengine kupita kidogo kama mhandisi ameagiza. Kila hatua unaishikilia na kusoma. Usisogee hatua nyingine mpaka kasi ya kutitia ishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mpango. Udongo wa mfinyanzi hauna haraka, na wewe usiwe nayo.

Mzigo usiusome kwenye geji ya mafuta ya jeki peke yake. Pistoni ina msuguano, ikikaa upande kidogo tu kosa linaweza kufika asilimia 10. Kwa jeki ya kilonyutoni 1500 hizo ni 150 ambazo jengo halijazipata. Weka seli ya mzigo (kifaa kinachopima mzigo moja kwa moja) juu ya kila jeki, geji ibaki ya kuhakikisha.

Kisha weka fimbo-shahidi ndani ya nguzo: fimbo iliyo ndani ya bomba, imefungwa chini kabisa, inayosomwa kileleni kwa daili geji (saa ya kupimia msogeo mdogo). Faida yake ni hii. Chukua nguzo ya mita 9, eneo la mita moja ya mraba, chini ya kilonyutoni 1500. Zege lenyewe litafinyika kama nusu milimita. Kilele kikishuka milimita 3, basi 2.5 ni udongo ulio chini. Bila fimbo-shahidi unabahatisha. Na kilele kikishuka huku kitako kimetulia, zege lako lina kasoro, au sahani hazikukaa sawa.

Jambo jingine ni kwamba jeki moja haifanyi kazi peke yake. Ukiipandisha, unaipunguzia mzigo nguzo ya jirani, na msingi wa zamani unapinda kati yao. Soma seli ZOTE kabla na baada ya kila hatua. Nguzo iliyosoma 1400 jana ikisoma 900 leo bila mtu kuigusa, uliza kwanza jengo limeinuka wapi. Lengo ni kuhamisha mzigo. Ukiona jengo linapanda, umepitiliza, na kuta za zege hupasuka kwa kuinuliwa sawasawa na zinavyopasuka kwa kushuka.

MsingiImara

Hii ya fimbo-shahidi sikuijua, asante sana mkuu. Sasa maji? Nimesoma kuwa Midland walitumia ukuta wa barafu kuzuia maji wakati wa kuchimba chini ya jengo saidizi.

MajiYaChini

Ndiyo, uligandishwa udongo kuzunguka eneo la kazi, na pale mabomba na njia za nyaya zilipoukata ukuta huo yalichimbwa mashimo ya uangalizi. Sababu yake ni nzuri kuielewa. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa asilimia 9. Kwenye mchanga safi maji mengi yanasukumwa pembeni, uvimbe ni mdogo. Kwenye tope laini barafu hujipanga kwa matabaka, ikiendelea kuvuta maji kutoka chini, na ardhi inainuka. Bomba lililofukiwa linalopita hapo linainuliwa sehemu moja huku kwingine limeshikwa, kwa hiyo linapinda. Ukilifunua shimoni na kuliacha huru lina nafasi, nawe unaliona kwa macho. Barafu ikiyeyuka ardhi hurudi chini, mara nyingi laini kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo vipimo vya hapo havikomi siku mashine za kugandisha zinapozimwa.

Kuhusu kuvuta maji kwa pampu: kila mita moja unayoshusha inauongezea udongo uzito wa karibu kilopaskali 10. Shusha mita 6 na umeongeza 60, sawa na kumwaga mita 3 za kifusi juu ya eneo zima, hata chini ya majengo usiyokusudia kuyagusa. Piezomita (vipima shinikizo la maji ardhini) zipangwe mbali kuliko uchimbaji wenyewe, katika vina tofauti. Changanya za waya inayotetema, zinazojibu upesi, na mabomba ya wazi unayoweza kuyapima kwa kamba. Pia pima mchanga kwenye maji ya pampu. Pampu inayotoa maji machafu inanyonya udongo kutoka chini ya jengo, na kutitia kutaonekana baadaye sana.

NyufaNaNondo

Naongeza juu ya mahali pa kupima, maana watu hupima majengo na kusahau kilicho katikati.

Pale Midland, chini ya jengo la dizeli kulikuwa na njia za nyaya zilizojengwa kwa zege, zimesimama wima. Jengo liliposhuka, njia hizo zikawa vigingi vigumu: zikaizuia sehemu moja huku sehemu nyingine zikiendelea kushuka, na kuta zikapata nyufa. Ilibidi zitenganishwe na jengo. Kwa hiyo kabla ya kufunga kifaa chochote, chukua michoro na uweke alama kila kitu kigumu kinachoshikana na jengo: bomba, njia ya nyaya, ngazi, ukuta wa jirani. Kila kiungo kipate kipimo cha tofauti kati ya pande mbili. Bomba halijali jengo lote limeshuka milimita 20, linajali kama upande mmoja wa ukuta umeshuka 5 na mwingine 0.

Mipaka basi. Kwa majengo ya kawaida, watafiti Skempton na MacDonald mwaka 1956 walipendekeza mwinamo (tofauti ya kushuka kati ya nukta mbili, ukigawa kwa umbali kati yake) usizidi 1/500. Bjerrum mwaka 1963 akaweka 1/750 kwa mashine zinazoathirika na kutitia. Usizichukue hizo ukazibandika kwenye mtambo wa nyuklia. Huko mpaka unatoka kwenye kitu dhaifu kuliko vyote: ekseli ya tabo (mashine inayozungushwa na mvuke), reli za winchi, bomba linalopita kati ya majengo mawili, na akiba ya nguvu ya nondo baada ya kuhesabu tetemeko. Nyuma ya kila namba pawe na hesabu ya mhandisi wa jengo.

Ngazi ziwe tatu. Ya kwanza, soma mara nyingi zaidi na umwarifu mhandisi. Ya pili, badilisha utaratibu wa kazi: punguza mashimo yaliyo wazi kwa wakati mmoja, ongeza jeki. Ya tatu, simamisha, linda shimo kwa kulijaza au kulikaza, na hakuna kurudi mpaka chanzo kipatikane na kusainiwa. Kasi nayo iwe na mpaka wake. Milimita 2 kwa miezi miwili na milimita 2 kwa usiku mmoja ni habari mbili tofauti.

Anayesimamisha asiwe mtu anayebanwa na ratiba. Sheria ya Marekani, 10 CFR 50 Kiambatisho B, ina vigezo 18 vya udhibiti wa ubora, na cha kwanza kinataka wakaguzi wawe huru na mashinikizo ya gharama na ratiba. Cha 12 kinahusu vifaa vya kupimia. Kwa vitendo, kifaa kikirudi maabara na kuonekana kimepotoka, unapitia upya masomo yote tangu kilipohakikiwa mara ya mwisho na kuamua yapi bado yanafaa. Ndiyo maana kila somo liandikwe na namba ya kifaa, saa, joto na jina la msomaji.

MsingiImara

La mwisho, wakuu. Nguzo zote zikishabeba, jeki zinatolewa lini?

JekiTani100

Baada ya mzigo na kimo kutulia kwa muda ulioandikwa, si baada ya fundi kusema imetosha. Gongelea kabari za chuma huku jeki bado ina shinikizo, jaza nafasi kwa saruji na mchanga mkavukavu ulioshindiliwa kwa nguvu kwa tabaka nyembamba, au kwa saruji isiyonywea. Iache ipate nguvu, ithibitishwe kwa sampuli zilizovunjwa. Ndipo ushushe jeki kwa hatua zilezile ulizopandia, ukisoma kila hatua. Kilele kikishuka zaidi ya ulivyokadiria, rudisha shinikizo mara moja na utafute nafasi isiyojaa. Jeki ibaki mahali pake, imeunganishwa, mpaka somo la kesho yake lilingane na la leo.