Pawa saplai ya amplifaya ya chaneli sita: tujumlishe wati zote au tufuate muziki?

MTOA MADA: Wakuu, kila anayejijengea amplifaya ya chaneli nyingi akiuliza ukubwa wa transfoma hupewa majibu yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Naomba tuijadili hoja hii kwa namba. Tuchukue chaneli 6 za klasi AB (aina ya kawaida ya amplifaya, ambayo transista zake husukuma spika kwa zamu), kila moja wati 50 kwenye spika ya omu 4.

Kambi ya kwanza inasema jumlisha zote. Wati 50 mara 6 ni 300. Klasi AB ikisukumwa hadi mwisho hutoa kama asilimia 60 ya inachokula, kwa hiyo tunahitaji wati 500. Tena kapasita huvuta umeme kwa mapigo mafupi, pale tu wimbi linapofika kileleni, na hilo huipasha transfoma joto kuliko wati zenyewe zinavyoonyesha. Zidisha kwa 1.5, unafika VA 750 (volti mara ampea, kipimo cha ukubwa wa transfoma). Kambi ya pili inasema VA 300 zinatosha.

Mimi niko na kambi ya pili. Muziki hauchezi kwenye kilele muda wote. Viwango vya kimataifa vya usalama wa vifaa vya sauti hupima joto la amplifaya kwa moja ya nane ya nguvu yake kamili, yaani desibeli 9 chini. Huo ni muziki uliosukumwa kwelikweli, ambao vilele vyake vinakaribia kukatwa. Moja ya nane ya wati 50 ni 6.25, na kwa chaneli 6 ni wati 37.5.

Ila kambi yetu huharakisha hapo, ikagawa kwa asilimia 60 ile ile na kupata wati 60 na kitu. Hesabu hiyo si sahihi, na imewaunguzia watu transfoma. Ufanisi wa klasi AB hupanda na kushuka pamoja na volti zinazotoka. Nguvu ikiwa moja ya nane, volti ni 0.35 tu ya kiwango cha juu, na asilimia 60 inakuwa 21. Gawa 37.5 kwa 0.21, unapata karibu wati 180. Zidisha kwa 1.5, ni VA 270. Transfoma ya VA 300 inaingia, lakini haina akiba kubwa.

BESI NZITO: Mkuu, wastani unaupenda mno. Besi ya muziki mwingi hurekodiwa katikati, ikatoka sawa kushoto na kulia, kwa hiyo chaneli hugonga kwa pamoja. Kwenye filamu ndiyo zaidi: chaneli maalumu ya besi huchezwa desibeli 10 juu ya nyingine. Hapo chaneli zote zinadai kwa wakati mmoja, na transfoma yako ya VA 300 inadaiwa 750.

Halafu tusisahau historia. Mwaka 1974, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitoa kanuni kwamba kabla ya kupimwa, amplifaya iendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. Kwa klasi AB hapo ni karibu kabisa na mahali ambapo transista hupata joto kali kuliko pengine popote, hata kuliko nguvu kamili. Chombo kilichopita pale uliweza kukiamini.

MTOA MADA: Ni kweli, na mwaka 2000 tume hiyohiyo ikashusha theluthi hadi moja ya nane. Theluthi ilikuwa inawalazimisha watengenezaji kuweka vyuma vya kupozea joto ambalo muziki hauleti.

WAYA MWEKUNDU: Jamani, si mwongeze kapasita tu? Weka mikrofaradi 20,000 kila upande, chanya na hasi, vilele vyote vitabebwa na kapasita.

MTOA MADA: Ndugu yangu, tuipime hiyo, maana inarudiwa sana. Transfoma ya 20-0-20 (volti 20 kila upande wa waya wa katikati) inakupa karibu volti 28 kila upande. Wati 50 kwenye omu 4 ni kilele cha volti 20. Chipu ya amplifaya yenyewe inakula kama volti 3 au 4, kwa hiyo ukishuka chini ya 24 sauti inaanza kukatwa. Kutoka 28 hadi 24, mikrofaradi 20,000 hutoa juli 2. Pande mbili, juli 4. Chaneli 6 zikidai wati 500, juli hizo zinakwisha kwa milisekunde 8.

Umeme wa hezi 50 hujaza kapasita kila baada ya milisekunde 10. Kwa hiyo kazi ya kapasita ni kuvusha pengo kati ya pigo na pigo. Ngoma ya besi hudumu milisekunde 100 na zaidi, na anayeibeba ni transfoma.

Nayo inaweza. Chuma na shaba huchukua dakika nyingi kupata joto, kwa hiyo kuidai mara mbili na nusu kwa robo ya sekunde hakuiunguzi. Kinachotokea ni volti kushuka. Chaneli zote 6 zikigonga pamoja, badala ya wati 50 kila moja utapata kama 40. Tofauti hiyo ni desibeli 1, na sikio halitaisikia ndani ya pigo la ngoma.

SOLDA: Hapo sawa, lakini siku hizi wengi hawanunui transfoma, wananunua pawa saplai ya swichi, ile nyepesi inayokatakata umeme kwa kasi. Hiyo haikopeshi. Mkondo ukivuka kikomo chake inajizima, inajaribu tena, inajizima, na muziki unakatikakatika kila besi ikigonga. Nyingi huvumilia ziada kidogo tu. Kwa hizo, Besi Nzito yuko sahihi: pima kwa kilele.

Na wa klasi D, yaani amplifaya ambazo transista zake huwaka na kuzimika kwa kasi, wajue jingine. Zile zenye pande mbili za umeme na nusu daraja (waya mmoja tu wa spika ndio unaosukumwa, mwingine uko kwenye ardhi), zikicheza besi ya chini hurudisha umeme kwenye pawa saplai. Volti upande mmoja hupanda mpaka ulinzi unakata. Dawa yake ni kugeuza ishara ya chaneli moja kati ya kila mbili, halafu kugeuza waya za spika yake. Hapo umeme ambao chaneli moja inarudisha upande mmoja, chaneli mwenzake inautumia.

BESI NZITO: Kwa transfoma nakubali, isipokuwa chaneli ya sabufa. Hiyo hailali, na mwenye kuijenga amplifaya ya filamu ataiweka palepale kwenye nguvu kubwa kwa sekunde nyingi mfululizo.

MTOA MADA: Hiyo nakupa yote. Sabufa ipewe transfoma yake, ipimwe kwa nguvu kamili, na hizo chaneli 5 zigawane ya VA 300. Faida ya pili ni kwamba besi haitavuta volti za sauti za watu zikashuka nayo. Ila ukiwa na transfoma mbili za duara, usiziwashe kwa pamoja bila kizuizi cha mkondo wa kuwasha, la sivyo fyuzi itakatika kabla hujasikia chochote. Kila moja iwe na fyuzi yake ya kuchelewa upande wa umeme mkubwa, na kasha la chuma liunganishwe na ardhi.

SOLDA: Na kipinga cha kumwaga chaji kwenye kila kapasita. Mikrofaradi 20,000 hubaki na umeme muda mrefu baada ya kuzima.