Mrejesho: taa za baiskeli za kuchaji kwa safari za usiku

Ndugu zangu, niliuliza taa ya LED ya kuchaji inayomfaa mtu anayerudi kwa baiskeli kutoka Dodoma mjini hadi Ihumwa giza likiwa limeingia, nanyi mkanishauri nisitazame lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) peke yake. Nimenunua ya lumeni 800 ambayo mwanga wake umekatwa kwa juu, na nawashukuru kwa dhati, kwa kuwa mwanga huo unalala barabarani, unaonyesha mashimo na mchanga mapema, wala hauwapigi machoni madereva wa malori wanaokuja mbele yangu. Kwenye lami yenye taa natumia kiwango cha chini ili kutunza chaji, kisha naongeza ninapoingia njia ya vumbi. Taa nyekundu ya nyuma nimeifunga kwenye nguzo ya kiti, si kwenye begi, ambako huinama na kumulika chini. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kikaguliwe kabla ya kununua, maana vumbi letu la kiangazi halichagui pa kuingia.

Kuhusu betri za akiba za 18650 (za silinda, upana mm 18 na urefu mm 65), nilizikataa zilizoandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), kwa sababu betri halisi ya ukubwa huo hufikia takriban mAh 3500 tu.